CD Niliyoinunua Ili Niitupe

Jumamosi, wiki ya mwisho ya Oktoba 2006

Manyunyu tangu asubuhi, ile mvua ya hapa Maryland isiyojua kama inataka kunyesha au kuacha. Majani yamejaa kwenye ngazi za nyumba yetu na hakuna anayeyafagia, nami ni mmoja wa hao wasioyafagia. Ni siku yangu ya mapumziko lakini sijapumzika. Nimejaribu kufua, nimejaribu kulala, yote yamenishinda. Basi niandike.

Wanaopitia blogu hii wananijua kwa chapati, na kwa malalamiko yangu kuhusu wazee ninaowatunza kule Temple Hills. Leo hakuna chapati. Leo naandika juu ya albamu ya heavy metal ya miaka ya themanini, na nawaomba wanakwaya wenzangu wakae kitako wasome mpaka mwisho kabla hawajaanza kunipigia simu. Jina la bendi sitalitaja. Wanaolijua watalijua, na wasiolijua hawajapungukiwa na kitu.

Kwanza nieleze habari ya ushuhuda wangu.

Kanisani kwetu Bladensburg, ambako Wakenya na Watanzania tunakodi ukumbi kila Jumapili mchana, kila mtu ana ushuhuda wake. Kuna ndugu wa pombe. Kuna dada aliyeacha waganga. Mimi ni yule wa kaseti. Ushuhuda wangu unakwenda hivi: nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana karibu na Kitale, mtumwa wa muziki wa shetani. Akaja mhubiri, akatufungua macho. Nikakimbia bwenini, nikachukua kaseti yangu, nikaitupa motoni mbele ya shule nzima, na tangu siku hiyo niko huru. Hapo watu husema Amina, na mpiga kinanda huingia bila kuambiwa.

Nimeutoa mara nyingi kiasi kwamba najua mahali pa kupumua.

Mwezi uliopita nilimnyang'anya binti yangu Faith kile kidude chake cha muziki, nikamsimulia hadithi hiyo hiyo kwa mara ya kumi. Ana miaka kumi na minne. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo aliniuliza kwa Kiingereza chake cha hapa, bila ukorofi wowote, ni kitu gani hasa kilichokuwa kibaya kwenye ile kaseti. Nilimwambia akaoshe vyombo.

Sasa kesho ni Jumapili ya vijana. Mama Mchungaji alinipigia Jumatano nikiwa kazini, namlisha mzee mmoja uji. "Sister, hawa watoto wetu wana-sleep na earphones masikioni," akaniambia. "Uwaambie ile story yako. Na kama unaweza ku-get hiyo CD yenyewe, uje nayo uitupe kwa box mbele yao, wajue ni kitu serious." Katoni itawekwa pale madhabahuni, na vijana wataombwa watupe humo kila walicho nacho. Mimi ndiye wa kufungua njia.

Nilikubali. Nilijisikia hata fahari kidogo.

Ndiyo maana asubuhi ya leo nimeendesha gari mpaka Wheaton, kwenye duka moja dogo si mbali na ile mall, wanakouza CD na sahani za santuri zilizokwisha kutumiwa na watu wengine. Mitumba ya muziki, kwa kifupi. Muuzaji ni mzee wa Kizungu mwenye ndevu za mvi na hereni mbili. Nilipomtajia jina la bendi alinitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, kisha akatabasamu na kunipa mkono kana kwamba tulisoma darasa moja. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia naipeleka wapi.

Jalada nililiona leo kwa mara ya kwanza maishani. Kaseti yetu haikuwa na picha, ilikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu tu. Kumbe ni fuvu la kichwa limevaa kofia ya dereva wa garimoshi. Niliigeuza CD kifudifudi kwenye kiti cha abiria. Huku mitaani kwetu wiki hii mifupa ya plastiki inaning'inia kwenye kila mlango kwa sikukuu yao ya mizimu, na mimi hupita naisalimia, lakini fuvu lile moja lilinitia hofu.

Nikajiambia nitasikiliza wimbo mmoja tu, ili nihakikishe ni yenyewe. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Nimekaa kwenye maegesho karibu saa nzima, mkanda wa gari nimeufunga, siendi popote.

Wimbo wa kwanza unaanza na ngoma peke yake, halafu magitaa mawili yanaingia kwa pamoja, moja chini moja juu. Nilicheka kwa sauti. Mkono wangu ulishaanza kupiga usukani kabla sijauruhusu. Kila kona ya nyimbo zile naikumbuka, mahali pa kusimama, mahali pa kukimbia, pale mpiga ngoma anapochelewa kidogo kisha anajirudi. Nyimbo za tenzi nilizoimba miaka yote hii bado nahitaji kitabu. Hizi sikuhitaji.

Lakini si kwamba zote ni nzuri, nisije nikasema uongo mwingine juu ya ule wa zamani. Wimbo wa tano unahusu pikipiki na ni upuuzi mtupu. Wa saba ni mrefu kama mahubiri ya mgeni. Na yule mwimbaji, ambaye nikiwa msichana nilimwona kama jitu lisiloogopa chochote, leo nimemsikia ni kijana tu wa miaka ishirini na kitu, anayepiga kelele ili hofu yake isisikike. Nazijua kelele za namna hiyo. Wazee wangu hunipigia kila asubuhi ninapowapeleka kuoga.

Ndani ya CD mna kijitabu chenye maneno ya nyimbo. Zamani tulikuwa hatusikii hata neno moja katika kumi, tuliimba sauti tu. Leo nimevaa miwani nikasoma. Wimbo wa pili ni wa wachimba makaa ya mawe waliofungiwa mgodi wao. Wa tatu ni wa mwanajeshi anayemwandikia mama yake na kumdanganya kwamba anakula vizuri. Shetani nimemtafuta kwa bidii. Ametajwa mara moja, katika wimbo wa nne, na hapo anaambiwa aondoke.

Yule mhubiri wa shuleni alikuja na redio kubwa na mkanda wa nyimbo aliourekodi kinyumenyume, ati shetani hujificha humo. Alituambia kwanza tutasikia nini, ndipo akaucheza. Tulisikia, wasichana wakapiga mayowe, wengine wakaanguka. Ukishaambiwa utakachosikia, utakisikia.

Halafu ukaja wimbo wa sita.

Hapa lazima niseme ukweli. Ile kaseti haikuwa yangu. Ilikuwa ya kaka yangu, Wafula. Alipewa na mwalimu wa fizikia, Mkanada wa kujitolea, aliyemrekodia kutoka kwenye santuri kama zawadi ya kuongoza darasa. Kaseti ilikuwa fupi kuliko albamu, kwa hiyo upande wa kwanza uliishia katikati ya wimbo wa sita. Gitaa linapanda, linapanda, halafu kap! Ukigeuza upande wa pili, unakuta wimbo wa saba umekwisha kuanza. Hatukuwahi kujua wimbo wa sita unaishaje.

Wafula alikuwa amejitengenezea gitaa kwa mbao za sanduku la majani ya chai na nyaya za breki za baiskeli. Jioni, kaseti ikifika kwenye kap, yeye alikuwa analichukua gitaa lake na kuumalizia wimbo mwenyewe. Alitunga mwisho wake. Kila siku aliupiga vile vile, polepole, akishuka ngazi moja moja, mpaka jikoni mama anaacha kusonga ugali ili asikie.

Leo, ndani ya gari Wheaton, nimesikia mwisho wenyewe kwa mara ya kwanza. Ni sekunde arobaini hivi za kelele, kisha sauti inafifia kidogo kidogo mpaka basi. Hawakujua wamalizeje, wakaipunguza tu.

Mwisho wa Wafula ulikuwa bora zaidi. Nililia mpaka kioo cha gari kikafanya ukungu.

Kwa nini niliichoma? Ushuhuda wangu unasema nilimwogopa Mungu. Si kweli. Siku ile wasichana wote walikuwa wanakwenda mbele na kitu. Huyu rangi ya mdomo, yule barua za wavulana, mwingine riwaya za mapenzi, na kila aliyetupa kitu motoni alikumbatiwa na kuombewa na watu wakalia pamoja naye. Mimi nilikuwa mtoto wa mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya, sina rangi ya mdomo wala barua. Nilitaka na mimi niwe na dhambi ya kuonyesha. Kitu pekee kilichokuwa sandukuni mwangu ni kaseti ya kaka yangu, aliyoniazima muhula mmoja kwa sababu nilimlilia sana.

Nilipewa Amina kubwa kuliko wote.

Likizo ilipofika Wafula akaiulizia. Nikamwambia matroni amenipokonya. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mwezi. Shule ilipofunguliwa, kaka yangu alipanda baiskeli mpaka shuleni kwetu, Jumamosi ya kutembelewa, akamwendea matroni na kumwomba kaseti yake kwa adabu. Matroni akasema haijui. Alikuwa anasema kweli, maskini. Wafula akamwita mwizi mbele ya wazazi. Mwalimu mkuu akamfukuza, akaandika barua kwa baba: kijana wako amekuja kuleta fujo katika shule ya wasichana kwa ajili ya muziki wa shetani.

Baba hakuuliza swali hata moja. Nilikuwa nyumbani, tumepewa siku tatu za mapumziko katikati ya muhula. Alilitoa gitaa nje, akalipasua kwa shoka pale pale tunapopasulia kuni. Wafula alisimama mlangoni akitazama. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngozi, nachambua maharagwe. Niliendelea kuchambua.

Hakupiga gitaa tena. Alikwenda kufanya kazi kiwanda cha sukari, akaoa, akapata watoto watano. Kwa baba alikuwa anafika Krismasi, anasalimia, anakaa nje na vijana. Baba alipofariki mimi nilikuwa huku, karatasi zangu za ukaazi hazijatoka, sikuweza kwenda. Wafula ndiye aliyemzika. Nami nikaendelea kupewa Amina kila mwaka kwa ile kaseti.

Kule kwenye maegesho nilijua kwamba kesho siwezi kusimama na kuusema ule ushuhuda. Lakini mimi ni mwoga, kwa hiyo nilianza na simu iliyo rahisi. Nilimpigia Mama Mchungaji. Nilimweleza yote bila kupumzika, na nilitegemea atanibembeleza nisiharibu ibada, nimkasirikie yeye, mambo yaishie hapo.

Nilimsikia anazima jiko.

"Sasa huyo kaka yako," akaniuliza, "anajua?"

Nikamwambia hapana.

"Wacha kwanza mambo ya vijana. Unataka kuja kuconfess kwetu sisi, na mwenye kitu hajasikia? Mpigie. Ukimaliza ndio utajua kama kesho utasimama ama utakaa."

Nimemjua mwanamke huyu miaka sita na nilikuwa namdharau kidogo, kwa kofia zake na sauti yake ya kuamrisha. Najuta.

Kwenye pochi nilikuwa na kadi ya simu, zile za kukwaruza, imebakiwa na dakika chache. Kule nyumbani ilikuwa saa mbili usiku, wanakula. Wafula alipokea akiwa na chakula mdomoni. "Kukhu!" akasema. Ndivyo anavyoniita siku zote, yaani nyanya kwa lugha yetu ya Kibukusu, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake baba. Akadhani nimepiga kwa habari ya harusi ya binamu yetu.

Nilimwambia. Sikupamba. Matroni hakuchukua kaseti, niliichoma mimi, kwa sababu nilitaka kuonekana, na nilipoona gitaa linapasuliwa nilinyamaza.

Nilisikia sahani inawekwa chini. Nilisikia anatoka nje, mlango unafungwa, vyura wa kwetu wanaanza kusikika. Dakika za kadi zinakwenda.

"Ati ulifanya nini?" akauliza mwishowe, ingawa alikuwa amesikia.

Nikarudia. Kisha nikafanya lile nililofundishwa na miaka mingi ya kanisa, nikamwomba msamaha hapo hapo, na nikangoja anisamehe hapo hapo.

"Ngoja kwanza," akasema. "Usiniharakishe. Nyinyi huko mnasamehewa haraka haraka. Mimi nilimzika mzee nikiwa nimemkasirikia. Nikampita huyo matroni sokoni miaka na miaka bila salamu, mpaka akahama. Niache kwanza na mimi nikasirike na mtu anayestahili."

Nikamwambia sawa.

Yule mwanamke wa kwenye mashine akaingilia kutuambia imebaki dakika moja. Nikamwambia upesi upesi kwamba nimeipata ile albamu, ninayo hapa mkononi, nimeinunua ili kesho niitupe kanisani mbele ya vijana.

"Usiitupe," akasema kaka yangu. "Hiyo si yako."

Na kadi ikakatika.

Nimefika nyumbani, jioni nimempikia Faith wali, nikamkalisha pale mezani na kumweleza kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, kabla hajasikia kwa kipaza sauti pamoja na wengine. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Mjomba atapiga tena?" Sikujua kama anasema simu au gitaa, na kwa vyovyote vile jibu nililokuwa nalo ni kwamba sijui. Amekwenda chumbani kwake. Kidude chake nimemrudishia.

Kesho nitasimama. Ushuhuda wa kanisani kwetu huwa na mwisho mzuri, ndiyo maana mpiga kinanda anajua pa kuingilia. Wangu wa kesho hautakuwa nao. Nitawaambia nilichoma mali ya mtu ili nisifiwe, nikamsingizia mtu mwingine, nyumba ya baba ikapasuka, na mwenye mali bado amekasirika na ana haki. Sijui kama kuna atakayesema Amina.

Bahasha iko hapa kando ya kompyuta. Nimeandika jina la Wafula na sanduku la posta la kiwandani, na nimeibandika pande zote nisije nikaifungua. Mama Mchungaji atanitazama mikononi kesho nikipanda madhabahuni, na atakuta sina kitu.